Jicho, Kipimo na Cheo: Nidhamu ya Rubani



Anga lililo juu ya Busia na Tororo halina kizuizi cha mpakani. Chini, magari ya mizigo hupanga foleni kungoja hati zikaguliwe. Juu, ndege huvuka kutoka nchi moja hadi nyingine kwa muda mfupi kuliko ule wa kugonga muhuri mmoja. Mstari ulionyooka kutoka Soroti, mahali ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha kufundishia marubani mwaka 1971, hadi Kisumu, hupita karibu kabisa na mwamba wa Tororo. Nayo ndege inayotoka Entebbe kwenda Eldoret hupita kusini kidogo ya Busia. Askari wa jeshi na wa polisi walioko katika vituo vya mpakani wamezoea kuzisikia ndege hizo, na wengi wao wamepata kuzipanda wakiwa kazini. Kwa hiyo yafaa leo tulieleze jambo moja ambalo maisha ya kila abiria hulitegemea: je, rubani amwamini nani, jicho lake au vipimo vilivyo mbele yake?

Wako wanaosema kwamba rubani hodari ni yule anayeijua nchi kwa macho, akautambua kila mto na kila kilima, na kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Wako na wengine wanaosema kwamba siku hizi mitambo imekuwa na akili kuliko watu, na kazi ya rubani ni kuitii tu. Majibu yote mawili yana kasoro, na yote mawili yamekwisha kuua watu. Ukweli ni kwamba jicho ni shahidi mmoja na kipimo ni shahidi mwingine. Polisi anajua kwamba shahidi mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, hana budi kuhojiwa. Nidhamu ya rubani ni kuwahoji mashahidi wake wote, tena na tena, tangu kupaa hadi kutua.

Tuanze na jicho. Mbingu ikiwa wazi, hapana kipimo kinacholizidi. Rubani aliyepaa Soroti asubuhi kuelekea Kisumu huuona Mlima Elgon ubavuni mwake wa kushoto, wenye urefu wa mita 4,321, na mbele yake huuona mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Akiona mwamba, mji na reli inayoingia kutoka Malaba, hujua alipo bila kuuliza. Mstari ule ambapo mbingu hukutana na nchi humwambia kama mabawa yake yamelala sawa. Ndiyo maana wakufunzi humtaka mwanafunzi wa kuruka kwa macho atumie sehemu kubwa ya wakati wake kutazama nje, na kuvitupia vipimo jicho la mara moja moja tu. Ndege nyingine inayokuja, kundi la korongo, mnara au waya, vyote hivyo lazima vionwe kwa macho.

Busia yenyewe ina ushahidi wa jambo hilo. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyowachukua mawaziri wa serikali mpya ya Kenya iligonga nyaya za umeme mara tu baada ya kupaa kutoka kiwanja cha Busia, ikaanguka. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki, na wengine waliokuwamo walijeruhiwa. Hatusemi hayo ili kumlaumu marehemu. Twasema kwa sababu katika vipimo vya ndege hamna mshale unaoonyesha waya wa umeme. Katika sekunde zile za kupaa kutoka kiwanja kidogo, kinga ni jicho. Na kabla ya jicho la rubani, ni miguu ya mtu aliyekitembelea kiwanja mapema, akatazama kilichosimama mwishoni mwake, akatoa taarifa. Mara nyingi mtu huyo ni askari.

Lakini mbingu ya nchi hii haikai wazi mchana kutwa. Katika kumbukumbu za miaka kumi, tangu 1967 hadi 1976, Tororo ilihesabiwa kuwa na ngurumo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka, idadi ambayo sehemu chache sana duniani zimewahi kuifikia. Sababu yake ni nchi yenyewe. Mchana jua hupasha ardhi joto, na upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Viktoria kuingia barani. Upepo huo hukutana na ule utokao mashariki, nayo miteremko ya Elgon huisukuma hewa juu. Alasiri mawingu huwa yamekwisha kusimama kama minara. Rubani aliyeuona mwamba wa Tororo waziwazi saa nne asubuhi aweza kurudi saa tisa asiuone kabisa, na mwamba haujasogea.

Usiku nao una hila zake. Wakati mwezi umefichika, wavuvi wa dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huwasha taa ziwani kuwavuta samaki. Kwa aliye juu, taa hizo zaweza kuonekana kama nyota, na ziwa likaonekana kama mbingu. Ukingo wa wingu ulioinama nao waweza kudhaniwa kuwa upeo wa macho, na rubani akailaza ndege yake ubavu huku akiamini kwamba anainyoosha.

Jicho likikosa mahali pa kushika, mwili hujaribu kuongoza badala yake, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Ndani ya sikio la binadamu mna mirija mitatu midogo iliyopinda, yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, na kwa hiyo ubongo hufahamu kwamba mwili unageuka. Lakini mgeuko ukiendelea bila kubadilika kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, majimaji huufikia mwendo wa mirija, na hisia ya kugeuka hutoweka. Rubani aliye ndani ya wingu, na ndege yake imelala ubavu, huhisi kwamba imenyooka. Akiinyoosha kweli, huhisi kwamba imelala upande wa pili, naye huirudisha katika kosa lilelile. Pua ya ndege huinama, ndege huanza kuzunguka ikishuka, na rubani akivuta usukani ili apande, mzunguko huzidi kukaza.

Yafaa ieleweke kwamba hii si dalili ya woga wala ya ujinga. Sikio la jenerali na la kuruta yameumbwa namna moja. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani kiliwajaribu watu ishirini wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vipimo. Walipozuiwa kuona nje, kana kwamba wameingia katika wingu, wote ishirini walishindwa kuidhibiti ndege. Wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Hata dakika tatu hazikutimia. Ushujaa hauponyi ugonjwa huo. Dawa yake ni mazoezi ya kuvisoma vipimo na kuvitii wakati mwili mzima unapopiga kelele kwamba vinasema uongo.

Vipimo vya msingi ni sita. Kipo kinachoonyesha upeo wa macho wa bandia, kipo kinachoonyesha mwendo, kipo cha mwinuko, kipo cha kasi ya kupanda na kushuka, kipo cha mgeuko, na ipo dira. Siku hizi aghalabu huonekana katika kioo kimoja kama cha televisheni, lakini kazi yao ni ileile. Jambo la kukumbuka ni kwamba havipati habari zao kutoka mahali pamoja. Upeo wa bandia na kipimo cha mgeuko, katika ndege za mtindo wa zamani, hutegemea magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi. Mwinuko na kasi ya kupanda hutokana na kani ya hewa iliyotulia ubavuni mwa ndege. Mwendo hutokana na hewa inayoingia katika mrija unaoelekea mbele. Na nyigu akijenga kiota katika mrija huo, kipimo cha mwendo hudanganya wakati vingine vyote vinasema kweli.

Kwa sababu hiyo rubani hakubali ushuhuda wa kipimo kimoja. Jicho lake huanzia kwenye upeo wa bandia, huenda kwenye mwinuko, hurudi. Huenda kwenye mwendo, hurudi. Huenda kwenye dira, hurudi. Upeo wa bandia ukionyesha kwamba pua imeinuka, basi mwinuko unapaswa kuongezeka na mwendo upungue. Kama mwinuko unapungua na mwendo unazidi, kuna mmoja anayesema uongo, na ni lazima atafutwe kwa kulinganisha na wale wenye chanzo kingine cha habari. Makosa ya kazi hiyo yanajulikana. La kwanza ni kukikodolea macho kipimo kimoja na kuvisahau vingine. La pili ni kuruka kimoja katika mzunguko wa kutazama. La tatu ni kukitegemea kimoja kupita kiasi kwa sababu ndicho ulichokizoea.

Hata kipimo kizima chaweza kupotosha kikiwekwa vibaya. Kipimo cha mwinuko hurekebishwa kwa kani ya hewa ya mahali, ambayo rubani huambiwa kwa redio. Akikosea kwa milibari kumi tu, kipimo kitakosea kwa karibu futi 300, yaani kiasi cha mita 90. Juu ya uwanda usio na mlima, kosa hilo laweza kupita bila kujulikana. Karibu na mwamba wa Tororo, ndani ya wingu, ni suala la uhai.

Tutazame sasa mifano mitatu ya Afrika Mashariki, kwa kuwa kila mmoja unafundisha jambo lake.

Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa ya British Airways, Boeing 747, ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi. Waongoza ndege waliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani walielewa futi 5,000, wakauweka mtambo kwa mwinuko huo, nao ukatii. Lakini kiwanja cha Nairobi kiko juu ya futi 5,300. Ndege ilikuwa imeagizwa iende chini ya ardhi. Walipotoka mawinguni waliiona nchi mbele yao, wakapaa wakiwa chini ya futi 100 kutoka ardhini. Hapo vipimo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namba waliyopewa kuitii, na jicho ndilo lililoiokoa ndege. Laiti mmoja angeilinganisha namba ile na ramani, jicho lisingalihitajika dakika ya mwisho.

Usiku wa tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines, iliyotoka London kwenda Entebbe, ilikuwa ikijaribu kutua Roma katika ukungu. Majaribio ya kwanza yalishindikana. Katika jaribio la mwisho iliendelea kushuka chini ya mwinuko uliowekwa, ingawa alama za njia ya kutulia zilikuwa hazijaonekana, ikagonga paa la jengo kabla ya kuufikia uwanja. Watu 33 kati ya 52 walikufa. Wachunguzi walionyesha kwamba marubani hawakuwa wamejiandaa ipasavyo, na hawakutajiana mwinuko inavyotakiwa wakati wa kushuka. Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote, saa ya kutoka katika vipimo na kurudi katika macho. Kila mtu hutamani kuiona njia, na wote wakitazama nje, hapana anayebaki kukitazama kipimo. Kwa hiyo kazi hugawanywa: mmoja atafute njia, mwingine asome mwinuko kwa sauti. Wakifika kwenye mwinuko uliowekwa bila kuona kitu, hawana mjadala, hupaa tena.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Kamerun, katika giza na hali mbaya ya hewa. Ilianza kulala kidogokidogo upande wa kulia. Rubani mkuu aliamini kwamba mtambo wa kuiongoza ndege wenyewe umeshika kazi, kumbe haukuwa umeshika. Kulala kule kulikuwa kwa polepole kiasi kwamba sikio halikukuhisi, na nje hapakuwa na kitu cha kuonekana. Upeo wa bandia ulikuwa ukionyesha kila kitu. Wote 114 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulieleza kwamba muda ule ndege ilipokuwa ikilala, vipimo havikuwa vikikaguliwa. Shahidi alikuwapo mahakamani, lakini hapana aliyemwuliza swali.

Ndugu askari, huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya ndege za abiria. La hasha. Jumapili, tarehe 12 Agosti 2012, helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia kukiongezea nguvu kikosi cha Umoja wa Afrika. Moja, ya usafirishaji aina ya Mi-17, ilifika Garissa salama. Tatu za kivita, aina ya Mi-24, ziliishia katika Mlima Kenya. Wanajeshi saba walipoteza maisha, na wenzao waliookoka walitafutwa msituni. Walikufa kabla ya kumwona adui waliyetumwa kupigana naye. Mlima ule una urefu wa mita 5,199 na hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Upeo wa bandia humwambia rubani kwamba mabawa yamenyooka. Haumwambii kwamba mbele yake kuna jiwe. Hilo hujulikana kwa ramani, saa, dira na mwinuko vikilinganishwa pamoja, na kwa uamuzi wa kugeuka mapema kabla wingu halijafunga njia ya nyuma.

Hapa ndipo suala hili linapogusa cheo. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humpa rubani mkuu kauli ya mwisho juu ya ndege yake. Lakini Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu chake cha 3, husema wazi kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi ni ndege za dola. Maana yake ni kwamba vyombo vya ulinzi na usalama hulindwa kwanza na amri zao wenyewe na nidhamu yao wenyewe. Kamanda aliyeketi kiti cha nyuma, akitazama saa yake na kusema kwamba ni lazima afike Tororo kabla ya jioni, hakutoa amri ya kuruka ndani ya radi. Lakini rubani kijana aweza kuisikia hivyo. Na rubani msaidizi mwenye cheo kidogo, akiuona mwinuko unapungua na mkubwa wake hauoni, aweza kunyamaza kwa adabu. Adabu ya namna hiyo ni hatari. Kipimo cha mwinuko hakipigi saluti. Humsomea brigedia futi zilezile anazosomewa koplo, na anayeuona ukweli huo ana wajibu wa kuutamka kwa sauti, na mkubwa wake ana wajibu wa kuusikiliza.

Askari wa ardhini naye ana sehemu yake. Anayelinda kiwanja kidogo ndiye awezaye kuwafukuza ng'ombe, kuripoti waya mpya uliopitishwa na mti uliokua. Anayezungumza kwa redio na ndege atoe taarifa ya mawingu kama anavyoyaona, asiipake rangi ili ndege ije. Akisikia namba, airudie. Na asipoielewa, aulize, kwani kuuliza si ujinga. Na yule anayengoja mgonjwa achukuliwe au chakula kishushwe, akiisikia ndege ikigeuka na kurudi ilikotoka kwa sababu ya wingu, asiseme kwamba rubani ameogopa. Rubani huyo amewauliza mashahidi wake, wamekubaliana, naye ametoa hukumu iliyo sawa. Kesho asubuhi mbingu ikifunguka, ndege itakuja, na watu wake wakiwa wazima.

Kutangulia si kufika. Kwa marubani wa nchi zetu, na kwa makamanda wanaowatuma, huo ndio uwe mwongozo: macho yafanye kazi yake, vipimo vifanye kazi yake, kila kimoja kikihojiwa kwa kingine, na cheo cha mtu yeyote kisiwekwe juu ya ushahidi.